Neno Makamo

Katika lugha yetu, mtu asiye kijana tena na ambaye bado hajawa mzee huitwa mtu wa makamo. Asili ya neno hili ni Kiarabu, maqam, maana yake mahali pa kusimama, cheo au daraja. Neno makamu, yaani ashikaye nafasi ya mkubwa wake, nalo latoka katika shina lilo hilo. Kwa asili yake, basi, neno hili halihesabu miaka. Lauliza mtu amesimama wapi.

Dola, kwa haja zake, hapana budi ihesabu. Sera za Tanzania humwita mtu kijana tangu miaka 15 hata 35, na mzee tangu miaka 60. Baina yao imebaki miaka mingi isiyopewa jina. Hata hivyo Katiba ya mwaka 1977 yamtaka agombeaye urais awe ametimiza miaka 40. Na Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alikuwa na umri huo alipokuwa Rais mwaka 1962. Kurani nayo, katika sura ya Al-Ahqaf, yataja miaka 40 pamoja na utimilifu wa nguvu, na papo hapo mtu aomba kushukuru neema aliyopewa yeye na wazazi wake, na kutengenezewa kizazi chake. Huko ndiko kusimama katikati.

Sasa tumtazame mvuvi wa Mugango, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, mwenye miaka 45, asiye na mashua, mke wala nyumba. Je, naye ni mtu wa makamo? Wako watakaomwita kijana hata mvi zimjae, kwa kuwa hana mali. Hiyo ni dhuluma. Ikiwa katika mashua ya mwenziwe huwafundisha wadogo kuutambua upepo, na kwa fungu lake humlisha mamaye, huyo amesimama. Wawili wamwegemea, wa mbele na wa nyuma.

Kinyume chake yuko mwenye mashua nyingi ambaye akiombwa mchango wa msiba husema, "Sisi vijana hatuna kitu," na kiti cha mbele kikitolewa hutaka aitwe mzee. Huyo ana umri wa makamo, lakini makamo yenyewe hana.

Miaka humfikisha mtu mahali hapo bila ya hiari yake. Kusimama ni juu yake mwenyewe.