Geuka Kabla Hujaitwa!

Kijana wa Nachingwea, sikiliza! Binti wa Ruangwa, iweke simu chini! Hamkukosa kuambiwa. Mnajua usaili unakuja, mnajua mtaulizwa, mnajua majibu mliyonayo ni ya kuazima. Na bado mnasema: kesho.

Kesho ipi? Salfa hupulizwa mkorosho ungali na maua. Nani wa Ruponda, nani wa Naipanga, nani wa Mbekenyera umemwona akipuliza siku ya mnada?

Umeomba kazi ya kutengeneza kurasa za tovuti. Umejaza HTML, umejaza CSS, umejaza JavaScript, na "uzoefu wa miaka miwili" juu yake. Lakini ile kazi unayoionyesha, nani aliyeiandika? Umeinakili kwa rafiki, umeichota mtandaoni, umeiagiza akili bandia, kisha ukabandika jina lako! Jopo halitakuuliza kama inafanya kazi. Litakuuliza: kwa nini?

Kwa nini "0" == 0 ni kweli, na "0" === 0 si kweli? Kwa nini typeof null inajibu "object"? Hilo ni kosa la tangu 1995, Brendan Eich alipoiunda JavaScript kwa siku 10, nalo limeachwa lilivyo kwa hofu ya kuvunja tovuti zilizokwisha kujengwa. Wewe huna udhuru kama huo!

Fungua kazi yako sasa hivi. Achana na kipanya, bonyeza Tab. Kitufe chako cha "Tuma" ulichokitengeneza kwa div na kukipaka rangi nzuri kinarukwa! Asiyeona, anayetegemea programu ya kumsomea skrini, hatajua kama pale pana kitufe. Futa! Andika button. Kwa neno hilo moja kivinjari chenyewe kitakifikisha kwa Tab, kitakibonyeza kwa Enter, kitakitangaza kwa asiyeona. Ulilijua hilo tangu chuoni.

Geuka leo! Jenga ukurasa mmoja tu, wa bei za minada ya korosho ya chama kikuu cha ushirika cha RUNALI: tarehe, ghala, bei ya kilo. Uandike kwa mikono yako, uufungue kwenye simu ndogo yenye kioo kilichopasuka, uujaribu pale mtandao unaposuasua. Halafu ueleze kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, mbele ya mdogo wako. Akikuuliza ukakwama, shukuru: umekwamia nyumbani.

Na vyeti! Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yanasema wazi: njoo na vyeti halisi, hati za matokeo hazikubaliwi. Majina yanapishana? Hati ya kubadili jina haitafutwi asubuhi ya usaili! Umeitwa kwa video? Chaji kompyuta, nunua bando, tafuta laini ya pili. Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini zilikatika, Dar es Salaam yenyewe ikasota, sembuse wewe?

Nanyi mnaokaa kwenye jopo, msidhani mahubiri haya yamewapita! Mnajua vitendawili havipimi kazi. Mnajua kumuuliza huyu jepesi na yule gumu ni dhuluma. Mnajua kimya chenu baada ya usaili kinatesa watu. Acheni!

Ulizeni wote maswali yale yale, pangeni alama kabla wa kwanza hajaingia, toeni jaribio la saa moja linalofanana na kazi yenyewe. Akikwama, mruhusuni atafute. Kwani ninyi mezani kwenu hamtafuti? Kitufe kilichoharibika mpeni akitengeneze huku akieleza, nanyi nyamazeni mumsikilize. (Wasaili wengine hupenda sauti zao kuliko majibu.)

Na yule aliyepanda basi usiku kutoka Nachingwea anadai jibu, hata likiwa hapana. Faili lake liko mezani kwenu. Mwandikieni leo!