Mlango wa Msala na Sitara ya Watu



Huenda ukastaajabu kuona kurasa hizi zikizungumza habari za msala. Usistaajabu. Dini yetu haikuliacha jambo hili bila ya adabu: imetufundisha mguu wa kutanguliza tuingiapo na tutokapo, dua ya kuingia na ya kutoka, na kujitenga na macho ya watu. Na wazee wetu wa pwani wakaongeza lao. Mtu hauendei mlango wa msala ila atakohoa kwanza, ili aliyemo ndani naye akohoe, na wa nje arudi nyuma. Kikohozi kile kidogo ni sharia nzima, wala hakuna askari anayeisimamia.

Huko Marekani jambo hili limefika mbele ya watunga sheria. Katika jimbo la Florida, Gavana Ron DeSantis alitia saini sheria mwezi wa Mei 2023, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai mwaka huo huo. Inaamuru kwamba katika majengo ya serikali, mashule na vyuo, choo kiwe ama cha wanawake peke yao au cha wanaume peke yao, kwa jinsia ambayo mtu amezaliwa nayo. Kama si hivyo, basi kiwe chumba cha mtu mmoja au cha jamaa moja, chenye kuta toka sakafuni hadi darini, na mlango mzima wenye kufungwa kwa ndani. Walioiunga mkono walisema inalinda usalama na faragha, khasa ya wanawake na watoto. Walioipinga walisema inawadhalilisha watu waliozaliwa wa jinsia moja na wakaishi kwa jinsia nyengine.

Sasa mtazame mkuu wa chuo aliyefikiwa na sheria hiyo. Yampasa avihesabu vyoo vyake vyote, abadilishe vibao vya milangoni, aandike kanuni katika kitabu cha nidhamu cha wanafunzi, kisha apeleke ushahidi serikalini kwamba ametii. Vyuo vilivyokuwapo kabla ya sheria vilipewa mpaka tarehe 1 Aprili 2024. Akipuuza kwa makusudi, chuo chaweza kutozwa faini ya hadi dola 10,000. Tena mnamo Agosti 2023 Halmashauri ya Elimu ya jimbo hilo iliviwekea vyuo 28 vilivyo chini yake kanuni kali zaidi: mfanyakazi atakayekosa mara ya pili afukuzwe kazi.

Kuhesabu vyoo na kubandika vibao ni kazi ya fundi. Mas-ala yenyewe yanaanza pale mwalimu anapomwona mtu akiingia, na moyo wake ukamshuku. Sheria imempa mamlaka ya kumwambia mtu huyo atoke, na akikataa huadhibiwa. Lakini kipimo cha kumjua mtu haikumpa. Basi akitokea mwanamke aliyezaliwa mwanamke, mrefu wa kimo, mzito wa sauti, mwenye nywele fupi, naye akasimamishwa mlangoni mbele ya wenziwe na kuulizwa yeye ni nani? Aibu ile, nani atamwondolea? Jaalia ni binti yako, uliyempeleka huko kusoma.

Mimi na wewe, ndugu msomaji, hatuna ugomvi na kutenganisha wanaume na wanawake. Ndiyo ada yetu misikitini, maarusini na majumbani mwetu. Lakini tusisome nusu ya adabu tukaiacha nusu. Katika Suratin Nur tumeamrishwa, waume kwa wake, tuinamishe macho yetu. Na katika Suratil Hujurat tumekatazwa dhana nyingi, na kukatazwa kupelelezana. Aliyeamrisha sitara ndiye aliyekataza upelelezi. Anayeilinda sitara kwa kumfedhehesha mtu asiye na kosa amejenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwengine.

Tena imepokewa katika hadithi sahihi kwamba mwanamume asitazame utupu wa mwanamume mwenziwe, wala mwanamke asitazame utupu wa mwanamke mwenziwe. Kwa hivyo kwetu sisi kibao cha mlangoni hakitoshi. Vyoo vingi vya hadhara huko Marekani vimegawanywa kwa mbao zisizofika chini wala juu, na vya wanaume vina mahali pa kusimama wazi, bega kwa bega. Kibao kimemtenga mume na mke, lakini mume na mume wamebaki bila ya sitara.

Ndiyo maana mimi naona neno lililo bora kabisa katika sheria ile ni lile la chumba cha mtu mmoja. Chumba kile hakimuulizi mtu cheti cha kuzaliwa, wala hakimfanyi mwalimu kuwa kachero. Aingiaye amesitirika, na wa nje amepumzika. Utasema: ujenzi ni ghali. Kweli, na chuo chenye maelfu ya wanafunzi hakiwezi kuvijenga kwa usiku mmoja. Lakini gharama ya tofali hulipwa mara moja, na hishima ya mtu ikivunjwa hailipiki.

Wala usidhani mafakihi wetu walikuwa hawajui kwamba maumbile huweza kutatiza. Walimzungumza khuntha, ambaye umbile lake halikubainika kuwa mume au mke, wakampangia mahali pake katika sala: nyuma ya wanaume, mbele ya wanawake. Sisemi kwamba khuntha ndiye yule yule anayegombaniwa Florida. Hayo ni mambo mawili. Nasema tu kwamba mafakihi wale walipokutana na mtu aliyewatatiza, walimtafutia safu ya kusimama. Hawakumfukuza msikitini.

Na kumbuka kisa cha yule bedui aliyekojoa ndani ya msikiti wa Mtume (S.A.W.). Masahaba walimjia juu. Mtume akawakataza, akamwacha amalize, kisha akaamuru pamwagwe ndoo ya maji. Aliyekosa alifundishwa kwa upole, na msikiti ukatahirika.

Basi ukiwa na mtoto masomoni huko, muusie atii sheria ya nchi aliyomo, ainamishe macho yake, na asijifanye mlinzi wa miili ya watu. Kisha uangalie na hapa kwetu. Nenda katika madrasa ya mtaani kwako, katika skuli ya wanao, usukume mlango wa choo cha wasichana. Je, una komeo? Kama hauna, tusiicheke Florida. Tununue komeo kwanza.

Wallahu aalam.