Kura ni Amana ya Nani? Mapatano ya Wazee na Dhamiri ya Mpigakura katika Isiolo Kaskazini

Eneobunge la Isiolo Kaskazini, ambalo pamoja na Isiolo Kusini huunda Kaunti ya Isiolo nchini Kenya, lina wadi 7, yaani maeneo madogo ambayo kila moja humchagua mwakilishi wake katika Bunge la Kaunti: Wabera, Bulla Pesa, Chari, Cherab, Ngare Mara, Burat na Oldonyiro. Ndani ya mipaka hiyo wanaishi Waborana, Waturkana, Wasamburu, Wasomali, Wameru na jamii nyingine zenye watu wachache zaidi, wakiwemo Wasakuye. Wako Waislamu, Wakristo na wanaoshika dini za mababu. Wako wakazi wa mjini wanaotegemea biashara na mishahara, na wako wafugaji wanaoufuata mto Ewaso Ng'iro na mvua zisizotabirika. Wote hao hugawana kiti kimoja katika Bunge la Taifa, na kiti hicho humwendea mgombea aliyempita kila mpinzani wake kwa kura, hata kama waliomkataa, wakijumlishwa, ni wengi kuliko waliomchagua. Katika mazingira hayo swali moja la kifalsafa, ambalo pia ni swali la dini, haliepukiki: kura ni ya nani? Je, ni ya mtu binafsi anayeishika mkononi, ni ya jamii iliyomlea, au ni amana ambayo mwenyewe ataulizwa juu yake na Mola wake?

Swali hili linatokana na desturi ambayo imekita mizizi katika kaunti za kaskazini mwa Kenya tangu ugatuzi ulipoanza kutekelezwa kwa uchaguzi wa mwaka 2013, na ambayo huitwa demokrasia ya mapatano. Kwa desturi hiyo, wazee wa jamii na koo hukutana kabla ya uchaguzi, hugawana nyadhifa za gavana, naibu wake, seneta, mwakilishi wa wanawake na wabunge, kisha huwaelekeza watu wao wampigie nani. Mara nyingine makubaliano hufungwa kwa dua, na mara nyingine kwa kiapo. Lengo linalotajwa ni amani, na ye yote anayeijua historia ya Isiolo hawezi kulidharau. Tarehe 28 Juni 1963, miezi michache kabla ya uhuru, Daudi Dabasso Wabera, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliuawa pamoja na chifu Haji Galma Dido wakati mzozo kuhusu hatima ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ulipokuwa umepamba moto, kwa kuwa sehemu ya wakazi walitaka kujiunga na Somalia na wengine wakataka kubaki Kenya. Vita vya Shifta vilivyofuata, kati ya serikali ya Kenya na wapiganaji waliotaka kujitenga, viliendelea hadi mwaka 1967, wafugaji wa Isiolo wakazuiliwa katika vijiji vya ulinzi na kupoteza mifugo isiyo na idadi, na sheria za hali ya hatari zikaendelea kuitawala kaskazini kwa miongo kadhaa baadaye. Watu waliorithi kumbukumbu hiyo wana sababu ya kuuogopa uchaguzi unaowageuza majirani kuwa maadui.

Mapatano ya wazee yana watetezi katika falsafa pia, ingawa watetezi hao hawakuiandikia Isiolo. W. Arthur Lewis, mwanauchumi kutoka Saint Lucia, alidai katika kitabu chake cha mwaka 1965 kuhusu siasa za Afrika Magharibi kwamba katika nchi yenye jamii nyingi, mfumo unaompa mshindi kila kitu na kumtupa nje aliyeshindwa hauwezi kuitwa demokrasia kwa maana yake ya msingi, kwa sababu maana hiyo inadai kwamba kila anayeguswa na uamuzi apate nafasi ya kushiriki kuufikia. Mwanafalsafa wa Ghana, Kwasi Wiredu, aliliendeleza wazo hilo kwa kutofautisha makubaliano na wingi wa kura: makubaliano, kwa maelezo yake, hayadai kwamba watu wote wafikiri sawa, bali yanadai kwamba wajadiliane mpaka hata asiyeridhika na ukweli wa hoja aridhike kwamba hatua iliyokubaliwa ndiyo inayofaa kuchukuliwa. Kwa mtazamo huu, baraza la wazee linalokaa siku nyingi likitafuta neno ambalo jamii ndogo na kubwa zinaweza kuishi nalo halikosi heshima ya kidemokrasia. Huenda likawa na heshima hiyo zaidi ya kampeni inayoshindwa kutofautisha hoja na fedha.

Hata Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 haikubali kwamba haki ni hesabu tupu. Kifungu cha 89, kinachosimamia uchoraji wa mipaka ya maeneobunge 290, kinaagiza idadi ya watu ilingane kadiri inavyowezekana, lakini kinaruhusu tofauti ya hadi asilimia 40 juu au chini ya wastani kwa majiji na maeneo yenye watu wachache waliotawanyika, tena kinaitaka Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka izingatie maslahi ya jamii, historia, uchumi na utamaduni. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 268,002 katika kaunti nzima ya Isiolo; kati yao 99,730 walikuwa katika kaunti ndogo ya Garbatulla, upande wa Isiolo Kusini, ilhali kaunti ndogo za Isiolo na Merti, upande wa kaskazini, zilikuwa na 168,272. Wastani wa nchi ulikuwa watu wapatao 164,000 kwa kila eneobunge, kwa hiyo upande wa kusini umesimama karibu kabisa na ukingo wa chini unaoruhusiwa. Sheria yenyewe, basi, inakiri kwamba umbali, ukame na mshikamano wa watu vina uzito mbele ya haki, na mzee anayesema kwamba wingi peke yake hautoshi hasemi jambo geni.

Hata hivyo, kukubali kwamba mashauriano ni mema si sawa na kukubali kwamba mashauriano yana mamlaka juu ya kura. Tofauti hii inaonekana vizuri katika taasisi ambayo Waborana wa Isiolo wanaijua kuliko mtu mwingine ye yote. Dedha, yaani eneo la malisho linalosimamiwa na wazee wake, huamua ni wapi mifugo ichunge wakati wa mvua na ni wapi pahifadhiwe kwa ajili ya kiangazi, na kisimani yupo aba herega, msimamizi wa zamu za kunywesha. Amri ya wazee hawa ni halali kwa sababu maji na nyasi ni vya wote, havitoshi, na anayevitumia ovyo humdhulumu mwenzake. Kura haina sifa hizo. Haipungui kwa jirani inapopigwa na huyu, haiwekwi akiba, na aliyeishika hakugawiwa na baraza. Uongozi wa kisima ukihamishiwa kwenye sanduku la kura, mamlaka yaliyotokana na uhaba wa kitu cha pamoja hugeuzwa kuwa mamlaka juu ya hukumu ya moyo wa mtu.

Fikra ya Uislamu, ambao ndio dini ya wakazi wengi wa kaunti hii, imelichambua jambo hili kwa makini. Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan, aliyeishi kati ya 1897 na 1976, alieleza kwamba kura ina sura tatu kisheria. Kwanza ni ushahidi, kwa kuwa mpigakura anashuhudia kwamba mgombea huyu ana uwezo na uaminifu wa kazi anayoiomba. Pili ni shufaa, yaani maombezi, kwa kuwa anamwombea mtu apewe cheo, na mwenye kuombea jema au baya hupata fungu lake katika matokeo yake. Tatu ni uwakala, kwa kuwa anamteua mtu atende kwa niaba yake, tena si kwa niaba yake peke yake bali ya umma wote. Uchambuzi huu ukipelekwa Isiolo, matokeo yake ni mazito. Shahidi husema alichokijua mwenyewe. Hawezi kushuhudia kwa sababu mjomba wake ameamua hivyo, na baraza halina uwezo wa kumwagiza aseme kwamba mtu ni mwaminifu ilhali yeye anamjua kuwa mwizi. Wazee wanaweza kumpa shahidi habari ambazo hakuwa nazo, wanaweza kumkumbusha haki za jirani, lakini ushahidi ukishaamriwa hukoma kuwa ushahidi.

Na kiapo je? Hapa ndipo dhamiri za watu wengi hubanwa, kwa sababu mtu aliyeapa kumuunga mkono mgombea wa makubaliano huogopa laana kuliko sheria. Mafundisho ya Uislamu yako wazi kwamba jina la Mungu halifanywi kizuizi cha kutenda wema na kupatanisha watu, na kwamba aliyeapa juu ya jambo kisha akaona jingine kuwa bora zaidi afanye lile lililo bora na atoe kafara ya kiapo chake, ambayo ni kulisha au kuvisha maskini kumi, na asiyeweza afunge siku tatu. Kwa hiyo mpigakura aliyeapishwa na baadaye akatambua kwamba mgombea hafai hana mlango uliofungwa mbele yake. Mafundisho ya Kanisa Katoliki yanafika mahali hapohapo kwa njia nyingine: Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 kuhusu Kanisa katika ulimwengu wa leo, ulitaja kuitumia kura kwa uhuru kuwa haki na vilevile wajibu kwa ajili ya manufaa ya wote. Sheria ya nchi nayo imekwenda sambamba na dini hizi mbili, kwa kuwa Katiba inalinda kura ya siri, na Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016 inamhesabu kuwa mkosaji anayemshurutisha mpigakura kwa kumtishia madhara, yakiwemo madhara ya kiroho. Uchaguzi wa siri uliwekwa ili asiyekuwa na nguvu aseme bila hofu mbele ya mwenye nguvu, na mwenye nguvu huyo anaweza kuwa mzee wa ukoo kama anavyoweza kuwa tajiri au afisa wa serikali.

Kuna pingamizi moja ambalo halifai kupuuzwa. Inaweza kusemwa kwamba kila mtu akiachiwa dhamiri yake, jamii kubwa itachukua kila kiti na jamii ndogo itabaki bila sauti, kwa hiyo mapatano, yawe na kasoro zake, ndiyo ngao pekee ya mnyonge. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake, lakini linachukulia kwamba wanyonge huketi katika baraza. Kwa kawaida baraza la kugawana vyeo ni la wanaume wenye umri, kutoka jamii zenye idadi ya kutosha kuwa na cha kubadilishana. Mwanamke, kijana na jamii ambayo kura zake hazimwinui wala kumwangusha mgombea husikia habari za mapatano baada ya kufungwa. Aliyeachwa nje ya kikao ametengwa mara mbili, kwa sababu hakushiriki kuamua na sasa anaambiwa kwamba ameshaamuliwa. Mwezi Desemba 2006 Mahakama Kuu ya Kenya, katika kesi iliyofunguliwa na watu wa jamii ya Il Chamus wa Baringo dhidi ya Mwanasheria Mkuu, ilikubali kwamba jamii ndogo yenye utambulisho wake ina haki ya kuwakilishwa ambayo haitegemei hisani ya jamii kubwa. Kanuni hiyo ikikubaliwa, ulinzi wa jamii ndogo ni deni la haki, na deni halilipwi kwa kufanywa bidhaa ya mapatano.

Deni hilo lina mdaiwa wa kwanza, naye ni mpigakura wa jamii kubwa. Dhamiri iliyo huru haimaanishi dhamiri isiyojali. Kama kura ni uwakala kwa niaba ya umma wote, basi Mborana anayepiga kura Cherab ana wajibu wa kumfikiria Msamburu wa Oldonyiro na Mturkana wa Ngare Mara, akajiuliza kama mgombea wake atawatendea haki, na Mturkana na Msamburu wana wajibu uleule kwake. Kiti cha Isiolo Kaskazini kilibadilisha mikono katika uchaguzi wa mwaka 2017 na kikabadilisha tena mwaka 2022, jambo linaloonyesha kwamba wapigakura wa eneo hili si mateka wa hesabu moja isiyobadilika. Haki kwa mdogo haitegemei wazee kuwafunga watu wao. Inategemea watu wenyewe kuamini kwamba kumdhulumu jirani kwa karatasi ya kura ni dhuluma kama kumnyang'anya ng'ombe.

Kutokana na hoja hizi mipaka ya mapatano halali inaweza kutajwa kwa uwazi. Mapatano ni mema yanapokuwa ushauri unaotangazwa hadharani pamoja na sababu zake, yanapowaketisha wanawake, vijana na jamii ndogo kama wasemaji na si kama wasikilizaji, na yanapotafuta mgombea anayeaminika badala ya zamu ya ukoo. Huwa batili yanapodai utii, na huwa dhuluma yanapofungwa kwa kiapo. Uchaguzi mkuu wa Agosti 2027 utawakuta tena wazee wa Isiolo wakiwa na heshima kubwa miongoni mwa watu wao, nao wataitumia vyema heshima hiyo wakisimama, pamoja na maimamu na mapadri, kuwatangazia wapigakura jambo ambalo wao ndio wanaoweza kulisema likaaminika: kwamba ushauri wameutoa kwa nia njema, kwamba hakuna laana juu ya atakayeona tofauti, na kwamba kila mtu atajibu peke yake kwa ushahidi alioutoa.