Kitendawili Kisicho na Jibu

Juni 1916, katika ukumbi wa Cabaret Voltaire mjini Zurich, Uswisi, Mjerumani Hugo Ball alibebwa hadi jukwaani kwa kuwa hakuweza kutembea. Miguu yake ilikuwa ndani ya bomba la kadibodi la buluu, mabegani ana kola pana iliyopigapiga kama mabawa kila alipoinua viwiko, kichwani kofia ndefu ya mistari. Akasoma mashairi yasiyo na neno la lugha yoyote, sauti tupu.

Upuuzi, atasema mtu. Lakini mwezi huohuo, huko Verdun, Ufaransa, katika Vita ya Kwanza ya Dunia, vijana walikuwa wakisagwa na mizinga kwa amri zilizoandikwa kwa sarufi safi. Huku kwetu Afrika Mashariki vita hiyohiyo iliwakokota wapagazi wakabebe mizigo ya majeshi ya Waingereza na Wajerumani, wakafa kwa njaa na maradhi katika ugomvi usiowahusu. Kariakoo ya Dar es Salaam ingali na jina la kikosi chao cha upande wa Waingereza. Mauaji hayo yote yalikuwa na sababu, hesabu na muhuri. Ball alikuwa amefika kwenye uwanja wa vita mwaka 1914 akajionea uharibifu. Maneno yaliyotumika kuuhalalisha hakuyataka tena mdomoni.

Hilo la kuipinga vita limesemwa sana. Kinachonivuta mimi ni kilichotokea katikati ya usomaji. Ball aliandika katika shajara yake kwamba alipofika mahali asijue aendelee vipi, sauti yake ilishika mahadhi ya kale ya maombolezo ya mapadri, yale ya misa ya Kikatoliki. Hakuyapanga. Alikuwa ameondoa kila neno, na chini ya maneno akakuta sala. Mwaka 1920 alirudi kwenye Ukatoliki wake, na sioni kuwa alikuwa ameukana usiku ule.

Sisi tumelelewa na vitendawili. "Nyumba yangu haina mlango" ni kauli ya ajabu mpaka atokee wa kusema yai. Asipotokea, mtegaji hupewa mji, akala, akalitoa jibu. Ndiyo maana tukiona mchoro au kichekesho kisicho na kichwa wala miguu, tunalitafuta yai. Msanii wa kazi kama hiyo hupewa mji akaukataa. Akili ikishakata tamaa ya jibu, ndipo huyasikia yale ambayo jibu lingeyafunika: mahadhi, pumzi, woga au furaha ya anayesema.

Kwa hiyo siwaamini wanaochimbua ujumbe katika kila kioja, wala wanaodai kwamba chochote kinafaa. Kazi nyingi za kubahatisha ukiziondolea maana hubaki kelele, kwani chini yake hapakuwa na kitu. Riwaya ya *Nagona* ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1990, si ya kundi hilo. Msomaji aliyetoka kwenye riwaya yake *Rosa Mistika* ya mwaka 1971 akitarajia kisa cha kufuatika hupotea, naam, lakini haachi kuhisi kwamba msafiri wa *Nagona* anatafuta jambo la kufa na kupona. Kisa kimevunjwa, kiu ikaachwa nzima. Wanafunzi wanaosomeshwa kitabu hicho huulizwa kina maana gani. Ningependa kabla ya swali hilo waachwe wakisome kwa sauti, kurasa kadhaa, pasipo mtu kuwakatiza.