Pambo la Gitaa ni la Nani?

Ndugu msomaji, lau mwanao angekujia leo na gitaa alilolinunua kwa jasho lake, akakwambia ataka kulipaka maua na nyota kwa mkono wake mwenyewe, ungemjibu nini? Wengi wetu tungesema upesi kwamba huo ni upuuzi na israfu. (Hukumu ya muziki wenyewe wanazuoni wameijadili kwa mapana, wala siyo maudhui yetu.) Lakini israfu ni neno zito, haifai kulitamka kabla ya kutazama.

Mtindo huu ulivuma mno Uingereza mwaka 1967. George Harrison wa kundi la Beatles alikuwa na gitaa la umeme, Fender Stratocaster, la rangi ya samawati hafifu. Akalipaka mwenyewe rangi kali zenye kung'aa, na kichwani mwake akatumia rangi ya kucha ya mkewe, Pattie. Ukiitazama kazi ile utajua mara moja kuwa si ya fundi. Hata hivyo akalipa gitaa lile jina, Rocky, likabaki lake mpaka alipofariki mwaka 2001.

Katika mwaka huo huo Eric Clapton alikuwa na Gibson SG iliyopakwa na wachoraji wa Kiholanzi, Marijke Koger na Simon Posthuma. Hilo lapendeza zaidi, sina ubishi. Lakini Clapton aliachana nalo, likapita mikono kadhaa, na mwaka 2023 likauzwa mnadani kwa zaidi ya dola 1,200,000. Basi lipi kati ya mawili haya ni pambo la mwenyewe? Mimi nasema ni la Harrison, pamoja na ubovu wa mistari yake. Mapambo ya kununua humwonyesha mtu fedha zako. Ya mkono wako humwonyesha saa ulizokaa nayo. Na rangi ya kucha iliyobaki chupani, israfu yake iko wapi?

Yuko wa tatu, Jimi Hendrix. Yeye alilipamba gitaa lake kwa mkono wake, kisha Juni 1967, huko Monterey, California, akalitia moto jukwaani mbele ya watu. Utasema mali ni yake. Naam, lakini ndani ya chombo kile mna jasho la waliochonga mbao na kusokota waya, na kulinunua hakukufuti jasho lao. Hapa ndipo neno israfu lilipostahili kutamkwa, si kwenye kopo la rangi.

Tena chombo kina haki yake. John Lennon, mwaka 1968, aliikwangua rangi ya gitaa lake la Epiphone Casino mpaka mbao ikabaki tupu, kwani wenzake na yeye waliamini kuwa mbao hupumua vizuri ikiachwa wazi. Kwa gitaa lisilo la umeme jambo hili si la kubahatisha: sauti hutokana na mtetemo wa ubao wa uso, na rangi nzito huuzuia.

Basi mwanao akija, muulize kwanza gitaa ni lake au la kuazima. Likiwa lake, aondoe nyuzi, afunike shingo kwa karatasi, apake mgongoni na ubavuni, uso auache. Na rangi ya kucha asiichukue ya dadake bila ya kumwomba.