Miaka ya Dhiki: Serikali Ipunguze Kodi au Ijenge?

Biashara inapozorota, bei za mazao zikaanguka na kazi zikawa haba, swali moja huulizwa katika kila nchi: je, serikali iwaachie raia fedha zao kwa kupunguza kodi, au itumie fedha, hata kwa kukopa, ili kazi zipatikane na mali izunguke? Wenye elimu ya uchumi wameshindana juu ya jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 1936 Mwingereza John Maynard Keynes alifundisha kwamba raia wote wakifumba mikono kwa hofu, serikali haina budi kuufumbua wa kwake. Marekani ya Rais Roosevelt ilikuwa imekwisha kuanza tangu 1933 kuwalipa watu wasio na kazi wajenge barabara na kupanda miti. Mwaka 1964 nchi hiyo hiyo ilishika njia nyingine: ilipunguza kodi ya mapato ili watu wanunue zaidi na uchumi uchangamke.

Sisi si mabingwa wa hesabu hizo. Lakini ndani ya swali la hesabu mna swali la haki, nalo latuhusu sote: katika siku za dhiki, nani aangaliwe kwanza? Twapenda kulitazama swali hili kutoka Tukuyu, wilaya ya Rungwe. Huko watu wengi huishi kwa chai, ndizi, viazi na maparachichi, wala si kwa mshahara. Na mashauri yanayosemwa mijini huonekana sura yake ya kweli yanapowafikia watu wa namna hiyo.

Dhiki kuu iliyoanza mwaka 1929 ilipofika Tanganyika, bei za mkonge, kahawa na mazao mengine zilianguka vibaya. Lakini kodi ya kibanda na ya kichwa haikuuliza bei ya kahawa. Ilidaiwa kwa shilingi, na shilingi ile ile sasa ilitaka mzigo mkubwa zaidi wa mazao. Aliyeshindwa kulipa aliweza kutakiwa kuifanyia serikali kazi badala ya fedha. Vijana wengi wa Rungwe wakaenda machimbo ya Lupa, upande wa Chunya, maana dhahabu ilikuwa ikipanda bei wakati vitu vingine vikishuka. Serikali nayo ilipoona mapato yake yamepungua, ilibana matumizi. Na mwaka 1932 Sir Sydney Armitage-Smith, aliyetumwa kuzikagua fedha za nchi, alishauri ibane zaidi. Basi mwananchi alipigwa pande zote mbili: alitozwa kana kwamba hakuna dhiki, akanyimwa huduma kwa sababu kuna dhiki.

Hapo latoka somo la kwanza. Kodi isiyotazama uwezo wa mtu ni mbaya siku zote, na katika siku za dhiki ni dhuluma. Nchi yetu ilichukua muda mrefu kulikubali neno hili. Kodi ya maendeleo, mjukuu wa ile kodi ya kichwa, iliondolewa mwaka 2003. Wanaotaka kodi ipunguzwe wana haki kabisa juu ya kodi za namna hiyo. Asiye na kitu asitozwe, na hapa hatuoni la kubishania.

Lakini si kila punguzo humfikia maskini. Mwaka 2009, mtikisiko ulioanzia katika mabenki ya Marekani ulipotufikia, serikali yetu ilishika njia zote mbili. Mwezi Juni Rais Jakaya Kikwete alitangaza mpango wa shilingi trilioni 1.7 wa kuunusuru uchumi. Na kuanzia Julai kodi ya ongezeko la thamani ilishushwa kutoka asilimia 20 hadi 18. Je, mkulima wa Rungwe alipata nini? Chakula chake alikitoa shambani mwake, nacho hakikuwa na kodi hiyo. Bati na sabuni alinunua dukani, na zile asilimia mbili zilimfikia ikiwa tu mwenye duka alikubali kushusha bei. Katika ule mpango mkubwa, sehemu moja ilikuwa ya kuwafidia hasara walionunua pamba na kahawa, maana mnunuzi akianguka mkulima hana pa kuuza. Hilo lilikuwa na maana yake. Hata hivyo faida ilipita kwanza mikononi mwa mnunuzi, ikamfikia mkulima kwa kadiri mnunuzi alivyoendelea kununua kwa bei ya haki.

Ugonjwa wa UVIKO-19 ulileta mtihani mwingine. Mwezi Aprili 2020 jirani zetu wa Kenya walishusha kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 16 hadi 14, na kiwango cha juu cha kodi ya mapato kutoka asilimia 30 hadi 25; na mwenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 za Kenya kwa mwezi akasamehewa kabisa. Huo ulikuwa msaada wa kweli kwa mwenye mshahara. Lakini kibarua aliyekosa kazi, au mchuuzi aliyefungiwa soko, hakuwa na kodi ya mapato ya kusamehewa. Ndiyo sababu serikali ile ile ilianzisha pia Kazi Mtaani, ikawalipa vijana kwa kusafisha mitaa na mitaro.

Kwetu Tanzania, mwaka 2021, fedha zilikopwa kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, na mwezi Oktoba Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa shilingi trilioni 1.3, ambao ndani yake mlikuwa na ujenzi wa madarasa 15,000. Hiyo ndiyo njia ya kujenga. Lakini mwaka huo huo, tangu Julai, iliwekwa tozo juu ya fedha zinazotumwa na kutolewa kwa simu. Nia iliyotajwa ilikuwa njema: barabara za vijijini, vituo vya afya, madarasa. Tutazame, hata hivyo, nani aliyelipa. Simu ndiyo benki ya mtu wa kijijini. Kijana aliye Dar es Salaam humtumia mama yake aliye Tukuyu fedha za mbolea na dawa, wala tozo haikuuliza kama fedha hizo ni faida ya biashara au ni msaada kwa mgonjwa. Ilipunguzwa Septemba ile ile, ikapunguzwa tena mwaka 2022, na mwaka 2023 tozo ya kutuma fedha ikafutwa. Serikali inayosikia yastahili kusifiwa. Lakini mkono mmoja usimjengee mtoto darasa huku mwingine ukimpunguzia mama yake fedha za dawa.

Sasa tuseme lile tunaloliamini. Majani ya chai yakishachumwa hayangoji. Yasipofika kiwandani mapema huharibika. Na Rungwe ni nchi ya mvua, sehemu zake nyingi zikipata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Gari likikwama topeni, mchumaji amefanya kazi bure. Mkulima huyu umsamehe kodi zote, bado hawezi kununua daraja. Wala jirani zake mia hawawezi, kila mmoja akiwa na elfu mbili zake mfukoni. Viko vitu ambavyo mtu hujinunulia peke yake, na viko vitu ambavyo watu hununua pamoja au hawavipati kabisa. Punguzo la kodi humfikia aliyekuwa na cha kutozwa. Matumizi mema humfikia aliyekuwa na haja. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kwa hiyo haifai mashauri ya siku za njaa yapimwe kwa mfuko wa mwenye shibe.

Wako watakaotujibu: serikali hupoteza fedha, na mtu huijua haja yake kuliko ofisi yoyote. Neno hilo lina uzito, wala hatulidharau. Shilingi iliyoachwa mkononi mwa mjane haiwezi kuibiwa na mkandarasi. Lakini dawa ya mtumishi mwizi ni kumsimamia na kumhukumu. Kuliacha daraja bila kujengwa ni kumwadhibu asiye na kosa.

Basi kwa maoni yetu serikali katika mwaka wa dhiki na ianze kwa kuondoa kila tozo inayomkamata mtu bila kutazama uwezo wake. Kisha ijenge, hata kwa kukopa, lakini ijenge vile vitu vinavyomfikia wa mwisho: barabara ya kijiji, zahanati, maji, darasa, na kazi hizo wapewe kwanza watu wa mahali pale, ili ujira ubaki kwao. Wala deni lisifanywe kwa ajili ya posho, magari na sherehe. Dawa ya deni ni kulipa, na atakayelilipa ni huyu mtoto aliyeketi leo katika darasa jipya. Siku atakapoanza kulipa, ni haki yake alikute darasa lile limesimama, na kuta zake hazina nyufa.

Nasi raia tuna wajibu wetu. Mfanyabiashara anayeficha mauzo yake humbebesha jirani mzigo wake, na mnunuzi asiyedai risiti humsaidia. Mkutano mkuu wa kijiji unapoitishwa, twende wote, waume kwa wake. Mapato na matumizi yasomwe mbele yetu, na tuulize bila woga: fedha kiasi gani zilikuja, nani alizipokea, na daraja liko wapi?