Umempa Cheo, Je, Umempa Kazi?

Maandiko ya kusoma nyumbani: 1 Timotheo 3:6-10 na 4:12, 1 Samweli 2 na 3, Hesabu 27:18-23



Shule zikifungwa, makanisa mengi huchagua viongozi wapya wa vijana: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, kiongozi wa sifa. Wanaitwa mbele, pasta anawawekea mikono, akina mama wanapiga vigelegele, picha zinapigwa. Wengi wao wana miaka 14 hadi 17. Jumapili inayofuata mwenyekiti anapewa karatasi ya matangazo iliyoandikwa na mtu mzima, kazi yake ni kuisoma tu. Katibu anaandika kumbukumbu za mkutano ambazo hakuna anayezifungua. Naye mweka hazina hajui hata kikundi kina shilingi ngapi.

Swali letu wiki hii ni hili: je, ni haki kumpa mtoto cheo ambacho ndani yake hakuna kazi? Na tuligeuze pia: je, ni haki kumtwika mtoto kazi ambayo ikiharibika, wengine wataumia?

Paulo aliyaona yote mawili. Katika barua ile ile kwa Timotheo, anaonya kwamba msimamizi wa kanisa asiwe mtu aliyeokoka juzi, asije akajivuna akaanguka (3:6). Halafu sura inayofuata anamwambia Timotheo asikubali mtu yeyote kuudharau ujana wake (4:12). Ukisoma haraka utadhani Paulo anajipinga. Lakini katikati yake kuna mstari mdogo ambao wengi huupita: mashemasi wajaribiwe kwanza, ndipo wahudumu (3:10). Ni kweli, Timotheo hakuwa mtoto wa shule. Alikuwa amesafiri na Paulo kwa miaka. Lakini kanuni ni ile ile. Na hebu niulize, mtu anajaribiwaje bila kupewa kitu cha kushika? Huwezi kujua kama ndoo inavuja kabla hujaitia maji.

Kuna mzazi atasema, "Pasta, hawa ni watoto. Pesa za Mungu si za kufanyia mazoezi." Hoja hiyo ni nzito, tusiicheke. Biblia yenyewe inatuonyesha Hofni na Finehasi, wana wa Eli. Hao walikuwa watu wazima, makuhani kwa kuzaliwa, na waliichezea sadaka ya Bwana. Baba yao aliwakemea kwa maneno, lakini akawaacha kazini. Kwa hiyo mamlaka bila kutoa hesabu huharibu mtu, awe na miaka 15 au 50. Lakini angalia vizuri: kilichokosekana pale Shilo si umri. Aliyekosekana ni mtu wa kuwauliza, "Nyama hii mmeitoa wapi?" na kuwasimamisha kazi jibu lisiporidhisha.

Sasa tuangalie ubaya wa cheo kitupu. Tuseme msichana wa miaka 16 ni mweka hazina. Kitambulisho cha taifa hupatikana ukitimiza miaka 18, kwa hiyo pesa za kikundi hukaa kwenye simu ya mlezi. Hakuna ubaya hapo. Ubaya unaanza mlezi anapopokea michango, ananunua mkate na sukari ya kambi, analipa gari, na msichana haambiwi lolote. Desemba ikifika anaandikiwa ripoti, anaambiwa, "Soma hii." Anasimama mbele ya watu wa Mungu na kusema kwa sauti yake kwamba pesa zilitumika hivi na vile, wakati yeye mwenyewe hajui kama ni kweli. Labda kila senti iko sawa. Hata hivyo, amefundishwa kwamba hesabu ya kanisa ni karatasi ya kusomwa. Huyo huyo kesho atakuwa mweka hazina wa chama, karani wa kaunti, mhasibu wa shule. Tunalia kila siku kuhusu ufisadi katika nchi yetu. Mtu hujifunza wapi kutia sahihi kitu asichokijua?

Basi tufanyeje? Bwana alipomwagiza Musa amwandae Yoshua, hakumwambia amkabidhi kila kitu siku moja. Alimwambia aweke juu yake sehemu ya heshima yake, mbele ya mkutano wote, Musa mwenyewe akiwa bado hai (Hesabu 27:20). Sehemu. Si yote, wala si jina tu.

Hata nje ya kanisa hekima hii imeonekana. Kule Nyeri kuna kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, aliyefariki Januari 1941. Mwaka wa 1907 alipofanya kambi yake ya majaribio kisiwani Brownsea, Uingereza, aliwagawa wavulana wapatao 20 katika vikosi vinne, na kila kikosi akakiweka chini ya mvulana mwenzao mkubwa. Huyo kiongozi hakupewa kambi nzima. Alipewa wenzake wachache, na mwenendo wao ukawa juu yake. Watu wazima walikuwepo, lakini kazi ile ilikuwa yake kweli.

Kwetu sehemu hiyo inaweza kuwa hivi. Mweka hazina awe na daftari lake, aandike kila kinachoingia na kinachotoka, akae na risiti, na kila mwezi yeye na mlezi walinganishe daftari na taarifa ya simu. Hesabu zikikataa, wote wawili waeleze. Mwenyekiti apewe mkutano mmoja aupange kuanzia mwanzo hadi mwisho, hata kama wimbo utachelewa na spika itakoroma. Katibu asomewe kazi yake: mkutano ufunguliwe kwa kumbukumbu za mkutano uliopita, na watu waulizwe, "Tulisema tutafanya nini, na tumefanya?"

Lakini kipimo kikubwa cha kiongozi aliyeandaliwa ni ukweli. Mtoto Samweli alianza kwa kazi ndogo; asubuhi alifungua milango ya nyumba ya Bwana. Kisha akapewa neno gumu juu ya mkubwa wake mwenyewe. Aliogopa kulisema, na ni nani asingeogopa? Ndipo Eli, pamoja na udhaifu wake wote, akafanya jambo jema. Alimwita, akamwita mwanawe, akamtaka asimfiche hata neno moja. Samweli akamwambia yote, naye mzee akapokea bila kumpiga, bila kusema, "Wewe mtoto una adabu gani?" Walezi na wazee, tujiulize: mweka hazina wa miaka 16 akikuta shilingi 2,000 hazionekani, je, anaweza kuja kwako aulize, na kesho bado awe na nafasi yake? Kama hawezi, basi hajaandaliwa, hata akihudhuria semina kumi.

Pia kuna mzigo ambao mtoto asibebe. Kiongozi wa vijana huambiwa siri. Mwenzake atamnong'onezea kwamba nyumbani anapigwa vibaya, au kuna mtu mzima anamshika vibaya, halafu amwapishe asimwambie mtu. Mfundishe mapema, kabla siku hiyo haijafika: siri ya namna hiyo haifichwi. Ailete kwa mtu mzima anayemwamini, na kama huyo mtu mzima ndiye tatizo, aende kwa mwingine, au apige 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto hapa Kenya. Kumpa mtoto kazi si kumwachia kazi ya watu wazima.

Na akikosea? Atakosea. Yoshua naye, kwa wivu wa kumtetea mkubwa wake, alitaka Eldadi na Medadi wanyamazishwe wasitabiri (Hesabu 11:28-29). Musa alimrekebisha papo hapo, lakini hakumfukuza. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mkutano ukivurugika, mlezi asimame na kijana wake, asimwache aaibike peke yake mbele ya watu, wakiwa wawili ndipo aulize, "Tulikosea wapi?" Lakini akiiba au akidanganya, aondolewe kwenye nafasi hiyo kwa upendo na kwa uwazi, arudi kujengwa upya. Kumwacha hapo kwa kumhurumia ndiko kosa la Eli.

Ninyi vijana mliochaguliwa, cheo si kiti cha mbele. Kama hujaonyeshwa kazi yako, iulize kwa heshima: "Pasta, Mama Mlezi, nifanye nini hasa, na nitoe hesabu kwa nani?" Swali hilo si utovu wa adabu.

Kazi ya wiki hii: kila mlezi wa idara akae na kiongozi mmoja kijana, waandike pamoja mambo matatu ambayo ni yake kuyafanya na siku atakayotoa hesabu. Wazazi, ombeni kuiona karatasi hiyo.

Tuombe. Baba, asante kwa watoto uliotupa. Tupe moyo wa kuwakabidhi sehemu ya kazi yako tungali hai, na masikio ya kuusikia ukweli wanapotuletea. Walinde na kiburi, na utulinde sisi na woga wa kuwaachia. Katika jina la Yesu, Amina.